TEMBEA KWANZA, JEMBE LITANGOJA
Mashauri kwa mkulima anayetibiwa kansa Nairobi

Msomaji, kila mwezi twaandika humu juu ya ng'ombe wa maziwa, viazi na pareto. Mwezi huu twaandika juu ya mtu mwenyewe ashikaye jembe. Wako wakulima wa skimu waliokwenda Nairobi kutibiwa kansa, yaani saratani, na wengine watakwenda. Wakirudi nyumbani, mara nyingi hutokea moja kati ya mambo mawili. Ama watu wa nyumbani, kwa upendo wao, humkataza mgonjwa kuinuka kitandani. Ama yeye mwenyewe huona mvua inakaribia, akashika jembe siku ya pili. Yote mawili yana hasara. Shauri letu ni hili: tembea kila siku kwa kipimo, na uongeze kidogo kidogo.

KWA NINI KULALA TU SI DAWA

Zamani madaktari wengi waliwaambia wagonjwa wa kansa wapumzike tu. Siku hizi shauri limebadilika. Uchovu wa kansa si kama uchovu wa kulima. Usingizi peke yake hauumalizi. Msuli usiotumika hupungua, na mtu akilala sana leo, kesho huchoka upesi zaidi.

Mwaka 2019 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa shauri kwamba mwendo wa dakika 30, mara 3 kwa wiki, hupunguza uchovu, huzuni na wasiwasi wa mgonjwa wa kansa. Mwaka 2025 yakatangazwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanywa hasa Kanada na Australia. Wagonjwa 889 wa kansa ya utumbo mkubwa, waliokwisha kupasuliwa na kupewa dawa za kemo, waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa vitabu vya mashauri tu. La pili lilipewa pia msimamizi wa mazoezi kwa miaka 3. Baada ya miaka 8, katika kila watu 100 wa mazoezi, kama 90 walikuwa hai. Katika fungu jingine, kama 83.

Usielewe vibaya. Jaribio hilo lilikuwa la kansa ya utumbo, nalo halisemi kwamba mazoezi yashika mahali pa matibabu. Mazoezi hufuatana na matibabu, kama vile palizi inavyofuatana na mbolea.

UKIWA NAIROBI

Matibabu ya mionzi huchukua dakika chache tu kwa siku, kwa kawaida Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki kadhaa. Mkulima aliyezoea kutembea kutwa hujikuta ameketi kwa jamaa zake Kawangware, Kangemi au Dagoretti bila kazi. Usiziache wiki hizo zipotee bure.

Ukitibiwa Hospitali ya Kenyatta na unakuja kwa matatu ya Ngong Road, shuka kituo kimoja kabla, umalizie kwa miguu. Kutoka hospitali kwenda mjini ni mteremko, na kurudi ni mlima. Kwa hivyo teremka kwa miguu, urudi kwa matatu. Siku usiyokuwa na matibabu waweza kwenda Arboretum, karibu na State House, upande wa Kileleshwa. Ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ikuayo upesi kwa kuni za garimoshi. Leo kuna njia nzuri chini ya vivuli, na mkulima hatakosa mti wa kutazama.

Kipimo cha mwendo ni kinywa chako. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, mwendo huo watosha. Ukishindwa kuzungumza, punguza. Siku ambayo mwili ni mzito, tembea dakika 5 uani, usiache kabisa.

UKIRUDI SHAMBANI

Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Kinangop iko zaidi ya mita 2,400. Ukirudi huko, hewa ni nyepesi zaidi na pumzi itakuwa fupi. Anza hivi:

1. Wiki ya kwanza tembea dakika 5 hadi 10, asubuhi na jioni, mahali tambarare, pamoja na mtu mwingine.

2. Kila wiki ongeza dakika 5, mpaka ufike 30.

3. Kisha fanya kazi nyepesi kwa dakika 10, ndipo upumzike: kuchuma mboga, kuokota mayai, kufagia.

4. Jembe, gunia na mtungi wa maji viwe vya mwisho. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20. Aliyepasuliwa tumbo asinyanyue kitu kizito mpaka daktari amruhusu.

Mama aliyepasuliwa titi huogopa mkono wake usije ukavimba, naye huambiwa asibebe kitu maisha yake yote. Mwaka 2009 yalitangazwa matokeo ya jaribio la Marekani kwa wanawake 141 waliokuwa na uvimbe huo. Walionyanyua vyuma, wakianza na vidogo sana na kuongeza polepole chini ya mwalimu, hawakuzidi kuvimba kuliko wenzao. Tena walipatwa mara chache zaidi na uvimbe wa kuzidi. Basi, mama, ukipata ruhusa ya daktari, anza na chupa ya nusu lita. Mkono ukivimba au kuwa mzito, simama, urudi hospitali.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Usifanye mazoezi, bali mwone daktari upesi, ukiwa na homa, maumivu ya kifua, kizunguzungu, damu inayotoka, au maumivu mapya ya mfupa. Baada ya kemo, mwili hupungukiwa nguvu za kupigana na maradhi, hasa katika wiki ya pili. Usishike samadi wakati huo. Kemo yaweza pia kutia ganzi miguuni, kwa hivyo usitembee pekupeku. Ngozi iliyopigwa mionzi ifunike na jua. Dawa za kunyunyizia mimea zinyunyiziwe na mtu mwingine.

Na nyinyi watu wa nyumbani, mche wa kabichi hautolewi kitaluni ukaachwa juani siku hiyo hiyo. Huzoezwa jua kidogo kidogo. Mzoezeni mgonjwa wenu vivyo hivyo. Agawiwe kazi ndogo, nanyi mchukue zile nzito msimu huu.

Kabla hujatoka hospitali, uliza maswali haya matatu: Naweza kutembea kiasi gani? Nisinyanyue kitu kizito mpaka lini? Nikiona dalili gani nirudi? Waambie wakuandikie majibu, na karatasi hiyo uitunze pamoja na kadi yako ya hospitali.