Sauti Iliyokaa Kimya Miaka 30

Alasiri moja nalikuwa barazani kwangu, Mji wa Kale, mwana wa ndugu yangu akanijia na simu yake mkononi. "Ami, hebu sikiza hii." Nikasikiza. Mwanamke aimba polepole mno, kama amwimbiaye mtoto aliyekaribia kulala, naye achelea kumgutusha. Nikamwuliza, "Huyu aimba au anong'ona?" Akacheka. "Hii yaitwa indi foki, Ami."

Foki ni nyimbo za jadi za watu wa kawaida. Na indi ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya kujitegemea, yaani mwimbaji asiyetiwa lijamu na kampuni kubwa za santuri. Ama kuhusu kunong'ona, sikushangaa sana. Mwalimu wetu wa chuoni alikuwa akituonya tusipige mayowe tusomapo. Asemaye na aliye karibu, akisema, hana haja ya kupaza sauti.

Mwanamke yule ni Vashti Bunyan, Mwingereza aliyezaliwa 1945. Mwaka 1965 alitoa santuri yake ya kwanza, na wimbo wake mkuu ulitungwa na Mick Jagger na Keith Richards wa Rolling Stones. Tungo yake mwenyewe ikatiwa upande wa pili. Mtunzi yeyote aujua uchungu wa kutiwa upande wa pili! Mimi nami nina daftari la mashairi lililorudishwa na mchapishaji mmoja zamani, bila hata salamu, nami nikalifungia sandukuni.

Mwaka 1968 Vashti aliondoka London na mwenziwe kwa gari la kukokotwa na farasi, safari ya kwenda kisiwa cha Skye, Scotland, ambako mwimbaji Donovan alikuwa na ardhi na kuwakaribisha wasanii. Walikwenda mwendo wa farasi, majira yakibadilika, naye akitunga njiani. Walipofika, Donovan na wenziwe walikuwa wamekwisha kuondoka. Nyimbo za njiani zikawa santuri, "Just Another Diamond Day", iliyosimamiwa na Joe Boyd na kutolewa 1970. Walioinunua walikuwa wachache mno. Basi akaliweka gitaa, akalea watoto na kufuga wanyama.

Joe Boyd huyo ndiye aliyesimamia pia santuri mbili za mwanzo za Nick Drake. Ya tatu, "Pink Moon" ya 1972, Drake aliirekodi kwa siku mbili za usiku, yeye na gitaa lake na kinanda kidogo. Nayo haikununuliwa. Akafa 1974, umri wake miaka 26. Huko ndiko asili ya muziki huu, katika santuri zilizolala madukani.

Kilichouamsha ni chombo. Mwaka 1979 kampuni ya Kijapani ya TEAC iliuza mashine iliyoweza kurekodi sauti nne mbalimbali juu ya kaseti ya kawaida. Sasa mtu akaweza kurekodi nyumbani peke yake. (Sisi wa Mombasa, wa harusi zilizonakiliwa kaseti kwa kaseti, hatuhitaji kuelezwa nguvu ya kaseti.) Elliott Smith wa Portland alitoa "Roman Candle" mwaka 1994, kazi ya chini ya nyumba. Sam Beam, aliyekuwa mwalimu wa sinema huko Florida, alirekodi kwake nyimbo zilizotolewa 2002 kwa jina la Iron & Wine.

Vijana hawa na wenzao wakawa wakitafuta wazee wao, na mwaka 2000 santuri ya Vashti ikatolewa upya. Kijana wa Kimarekani, Devendra Banhart, akamwandikia kumwomba shauri. Mwaka 2004 wakaimba pamoja. Mwaka 2005 mama yule akatoa santuri ya pili, "Lookaftering", miaka 35 baada ya ile ya kwanza.

Baadaye ukaja umaarufu. Justin Vernon, ajiitaye Bon Iver, alirekodi katika kibanda cha babake cha uwindaji, Wisconsin, majira ya baridi ya 2006 na 2007; mwaka 2012 akatunukiwa Grammy. Mwaka uliofuata Mumford & Sons wa Uingereza wakapata tuzo ya albamu bora. Mimi hawa wa mwisho hawanikoshi roho. Wapigia uwanja mzima. Namrudia Vashti, ambaye "Heartleap" ya 2014 aliirekodi kwa sehemu kubwa mwenyewe, nyumbani kwake.

Nilipokwisha kuelezwa haya yote, kijana akaniinamia. "Na lile daftari la sandukuni, Ami?"

Nikamwambia azime simu, magharibi yaadhiniwa. Usiku nikautafuta ufunguo.