Ukurasa Usiosomwa kwa Macho

Mwezi Juni mwaka 1999, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya mwenge wa Olimpiki kuwashwa mjini Sydney, Bwana Bruce Maguire, raia wa Australia aliyekuwa kipofu tangu kuzaliwa, alipeleka mashtaka mbele ya Tume ya Haki za Binadamu na Fursa Sawa ya nchi hiyo, akidai kwamba kamati iliyoandaa michezo ile ilitengeneza tovuti ambayo yeye, pamoja na ustadi wake wote wa kompyuta, hakuweza kuisoma. Alikuwa akitumia mashine ya nukta nundu, ubao mwembamba uwekwao mbele ya kibodi, wenye vijino vidogo vinavyopanda na kushuka chini ya ncha za vidole kufuata maneno yaliyomo katika skrini. Kwa hiyo shida yake haikuwa ukosefu wa chombo wala wa elimu.

Kadhia hii haifahamiki ila kwa kujua kwanza kwamba kila ukurasa wa tovuti una maandishi ya namna mbili: yale yaliyopambwa kwa rangi na picha, ambayo ni riziki ya jicho, na yale yaliyositirika chini yake, yaani msimbo, ambayo kompyuta huyafuata. Programu ya kusomea skrini haijui mapambo. Hushika yale ya chini, tangu mwanzo hata mwisho, ikayatamka kwa sauti au ikayapeleka kwenye nukta nundu. Fundi akiandika katika msimbo kwamba maneno fulani ni kichwa cha habari, msikilizaji hupata kuruka kutoka kichwa hadi kichwa, kama mwenye macho apitishavyo jicho juu ya gazeti akitafuta habari za mpira. Lakini fundi akikuza herufi tu na kuzikoleza bila ya kuzipa jina hilo, jicho litaridhika na programu itapita bila ya kutambua lolote. Na picha iliyokosa maneno ya kuieleza ni bubu kabisa: programu husema "picha" ikanyamaza, au hulisoma jina la faili, msururu wa herufi na tarakimu usiomfaa mtu.

Hayo ndiyo aliyoyalalamikia Bwana Maguire: picha na viungo vya picha visivyo na maelezo, orodha ya michezo isiyofikika kutoka ukurasa wa ratiba, na majedwali ya matokeo, ambamo asiyeona husikia tarakimu zikifuatana bila ya kujua ipi ni ya mwogeleaji yupi. Kamati ilijibu, pamoja na mengine, kwamba mtu aweza kuufikia kila mchezo kwa kuandika anwani kamili ya ukurasa wake, hoja ambayo kwa maoni yangu yafanana na kumwambia mgeni aliyekosa ngazi kwamba dirisha la ghorofani liko wazi.

Nilipotaka kuyaonja haya mwenyewe, niliwasha sauti ya kusomea iliyomo katika simu yangu, nikafumba macho, nikajaribu kujaza fomu ya tovuti moja ya Kiswahili ambayo sitaitaja. Nilipofika mwisho nilisikia "kitufe", kisha tena "kitufe", vyote viwili bila ya jina, nami sikujua kipi chatuma na kipi chafuta. La ajabu zaidi lilikuwa matamshi. Kwa kuwa hakuna aliyeiarifu programu kwamba ukurasa ule ni wa Kiswahili, iliusoma kwa sauti ya Kiingereza, "jina lake" likawa na "leik" mwishoni, na mji wa Same, ule wa Kilimanjaro, ukageuka "seim". Tiba ya maradhi hayo ni tamko moja la lugha juu kabisa ya msimbo, lenye herufi mbili tu, "sw", na simu iliyo na sauti ya Kiswahili hubadili ulimi papo hapo.

Rangi nayo ina hesabu yake. Kwa Miongozo ya mwaka 2008 ya World Wide Web Consortium, jumuiya iwekayo viwango vya tovuti, mng'ao wa maandishi ya kawaida na wa mandhari yake sharti upishane kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Weusi juu ya weupe ni 21 kwa 1. Kijivu chenye alama 777777, cha aina ile wapendayo wasanifu, juu ya weupe hupata 4.48, kikakosa kwa kiasi kidogo mno. Mzee mwenye mtoto wa jicho, asimamapo juani na simu mkononi, huijua hesabu hiyo bila ya kufundishwa.

Toleo la kwanza la Miongozo hiyo lilitoka mwezi Mei 1999, mwezi mmoja tu kabla ya mashtaka ya Bwana Maguire, na sharti lake la kwanza kabisa lilikuwa kukipa kila kisichokuwa maandishi maelezo ya maandishi. Hata hivyo kamati ilitoa udhuru wa uzito wa kazi ya kuirekebisha tovuti: violezo 1,295 vya kurasa, na mtu mmoja kufanya kazi saa 8 kwa siku kwa muda wa siku 368. Wataalamu walioitwa kutoa ushahidi walisema violezo ni vichache mno kuliko hivyo, na kwamba fundi mwenye uzoefu, akiwa na wasaidizi watano hadi kumi, angemaliza katika wiki nne. Tarehe 24 Agosti 2000 Tume iliukataa udhuru, ikaamuru kasoro zirekebishwe kabla ya tarehe 15 Septemba, siku ya ufunguzi. Michezo ilifunguliwa, ikachezwa, ikafungwa, na amri ilikuwa imetekelezwa kwa sehemu tu. Mwezi Novemba kamati ikaamriwa kumlipa Bwana Maguire fidia ya dola 20,000 za Australia, wakati ambapo matokeo aliyotaka kuyasoma yalikwisha kuwa habari za zamani.