Paneli ya Jua na Kontrola kwenye Gari la Kambi

Mtahiniwa, soma mfano huu kwa makini. Gari la watalii limepiga kambi Serengeti. Injini imezimwa, hivyo alteneta haichaji betri, lakini friji ya chakula inaendelea kufanya kazi. Mwenye gari anataka kuongeza paneli ya jua ya wati 100. Anahitaji nini, na je, itamtosha?

Kwa nini kontrola?
Paneli inayouzwa kama ya volti 12 hutoa takribani volti 18 ikiwa juani. Betri ya asidi ya volti 12 huchajiwa hadi takribani volti 14.4 tu. Ukiunganisha moja kwa moja, betri iliyojaa huendelea kusukumiwa mkondo. Maji yake huchanganuliwa kuwa haidrojeni na oksijeni, na cheche moja yaweza kuleta mlipuko. Kidhibiti chaji, ambacho mafundi hukiita kontrola, hupunguza mkondo betri inapokaribia kujaa. Usiku huzuia mkondo usirudi kwenye paneli. Usijibu kwamba kidhibiti cha alteneta kinatosha. Hicho husimamia alteneta tu.

Hatua za kuunganisha
1. Funga kontrola karibu na betri. Waya mfupi na mnene hupoteza volti chache.
2. Weka fyuzi kwenye waya chanya, karibu na betri.
3. Unganisha betri kwanza, ndipo paneli, ili kontrola itambue volti ya betri. Wakati wa kufungua, anza na paneli.

Je, itatosha?
Kumbuka: nishati = nguvu × muda.

Friji: W 48 × saa 8 = Wh 384
Taa: W 6 × saa 4 = Wh 24
Matumizi kwa siku = Wh 408

Paneli: W 100 × saa 5 za jua kali = Wh 500

Wengi huishia hapa na kuandika "inatosha". Hapo ndipo alama hupotea. Joto, vumbi na waya hula sehemu ya nishati. Tukichukua ufanisi wa 80%, kinachofika ni Wh 400. Kila siku kuna upungufu wa Wh 8, na siku ya mawingu upungufu huongezeka. Paneli hii haitoshi.

Zoezi: Rudia hesabu kwa paneli ya wati 150. Nishati kiasi gani itabaki kila siku? (Jibu: Wh 192)