Mtoto wa Kwanza Kufika Chuo: Kikundi Kitamsaidiaje Mpaka Apate Kazi ya Serikali?

Pengine kwenu pia kuna mtoto mmoja ambaye kikundi kizima kinamsomesha. Baba hakuvuka darasa la saba, mama hakuingia shule kabisa, na sasa kijana ana barua ya kuitwa chuo. Anataka kuwa mwalimu, muuguzi, afisa wa kilimo au karani wa kaunti. Harambee inafanywa, mbuzi anauzwa, watu wanapiga makofi. Halafu?

Hapo kwa "halafu" ndipo nataka tuzungumze. Katika kazi yangu naona kwamba shida ya mtoto wa kwanza kusoma katika ukoo haiishi karo ya kwanza ikilipwa. Mtoto wa mwalimu akikwama, anampigia babake simu. Huyu wetu akikwama, atampigia nani?

Kwanza tuelewe kwa nini wazee wetu wanaamini kwamba ukisoma, kazi ya serikali inakungoja. Si ndoto waliyoota tu. Mwaka wa 1959 Tom Mboya alipanga ndege iliyopeleka wanafunzi 81 Marekani, na wengine mamia wakafuata mpaka mwaka wa 1963. Vijiji vilifanya karamu za chai kuchanga pesa, wazazi wengine wakauza mifugo. Uhuru ulipokuja, viti vya Wazungu ofisini vilikuwa wazi na wenye masomo walikuwa wachache. Mtu alirudi na digrii leo, kesho yuko ofisini. Hata baadaye, mwalimu akimaliza chuo aliandikiwa shule ya kwenda.

Mambo hayo yalikwisha. Miaka ya 1990 serikali ilipunguza wafanyakazi wake, na mwaka wa 1998 kuajiri walimu moja kwa moja kukasimamishwa. Tangu hapo nafasi hutangazwa na watu hushindana. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 232, inasema watu waajiriwe kwa ushindani wa haki na kwa sifa zao, huku jamii zote, wanawake na wanaume, na walemavu wakipata nafasi. Kwa hiyo mzee anayemuuliza kijana kila Jumapili, "Bado hujaandikwa tu?", anauliza swali la mwaka wa 1970.

Sasa tufuate njia yenyewe. Makosa mengine hutokea kabla mtoto hajapanda gari la kwenda chuo.

Kosa linaloniuma zaidi ni la kozi. Mtoto anaona bango mjini la chuo fulani, "Somea uuguzi hapa", kikundi kinachanga, miaka inapita, na mwishowe cheti hakikubaliki. Muuguzi ni lazima asajiliwe na Baraza la Wauguzi la Kenya, na Baraza linatambua vyuo lililoviidhinisha tu. Mwalimu wa sekondari naye, TSC inataka awe alipata C+ katika KCSE, na C+ nyingine katika kila somo kati ya yale mawili atakayofundisha. Ukiwa na C katika Historia, digrii ya ualimu wa Historia haitakuondolea hiyo C. Kabla kikundi hakijatoa hata shilingi moja, mtu atumwe aulize baraza au tume inayohusika: je, chuo hiki na kozi hii mnazitambua? Nauli ya mtu mmoja ni kidogo kuliko karo ya miaka mitatu.

Jambo la pili ni makaratasi. Ili kuomba mkopo wa HELB, bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, mwanafunzi anahitaji kitambulisho, simu iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe, akaunti ya benki, wadhamini wawili, na vitambulisho vya wazazi, au cheti cha kifo kama mzazi amefariki. Kwa familia ya mjini haya ni mambo ya siku mbili. Kwa yatima anayelelewa na nyanyake, ambaye babake alizikwa bila cheti cha kifo kuchukuliwa, ni miezi. Jina la kwenye cheti cha kuzaliwa linaweza kuwa tofauti na la KCSE kwa herufi moja tu, na akarudishwa. Kazi hii kikundi kinaiweza bila pesa nyingi. Mtoto akiwa bado kidato cha nne, wawili kati yenu wakae naye, wakague majina yote, waende naye kwa naibu wa chifu. Na wadhamini watafutwe mapema. Watu wengi huogopa kutia sahihi dakika ya mwisho, na hawakosei kuuliza wanachotia sahihi.

Hiyo pesa ya HELB ni deni, si zawadi. Mkopo wa wanafunzi wa digrii una riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Kulipa kunaanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na asiyelipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Hesabu wenyewe: miezi kumi ya kunyamaza ni shilingi 50,000 juu ya deni. Kama hajapata kazi, asijifiche. Awaandikie HELB awaeleze hali yake.

Na hapa lazima niseme neno kwa wazazi, hata kama halitapendeza. Wanafunzi huita ile pesa ya matumizi "boom". Ikiingia tu, simu kutoka nyumbani zinaanza: dada yako amefukuzwa shule, mabati yanavuja, shangazi ni mgonjwa. Mtoto mwenye heshima anatuma. Kisha anakula mlo mmoja kwa siku, anashindwa kulipa chumba, anakosa mitihani, na nyumbani wanaambiwa "masomo yamemshinda". Si masomo. Tumekula mkopo wake, na atakayeulipa ni yeye. Kikundi kinaweza kukubaliana kwa sauti moja kwamba mtoto akiwa chuo haombwi pesa, na dharura ya nyumbani iletwe kwenye mfuko wa kikundi kama ya mwanachama mwingine yeyote.

Baada ya kuhitimu huja kungoja. Tume ya Utumishi wa Umma ina mafunzo kazini ya miezi 12 kwa wahitimu, na TSC huchukua walimu wa mafunzo. Posho ni ndogo na hakuna ahadi ya kuajiriwa, lakini kijana hupata ujuzi na watu wa kumshuhudia. Kila kaunti ina Bodi yake ya Utumishi wa Umma. Msidhani kaunti ya nyumbani ndiyo pekee. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi wazi za ngazi ya kuanzia kazi ziende kwa watu wasio wa jamii iliyo kubwa katika kaunti hiyo. Kijana aombe pia kwa majirani.

Kuna pia vyeti: cha tabia njema, cha ushuru, cha HELB, cha tume ya kupambana na ufisadi. Sheria ya kazi ilirekebishwa mwaka 2022 kwamba mwajiri asidai vyeti hivyo mpaka awe anakusudia kumwajiri mtu. Basi msikimbilie kutumia pesa za kikundi kwa vyeti kabla tangazo halijasomwa vizuri. Na kuomba kazi ya serikali hakulipiwi. Yule bwana anayesema ana mtu wake ndani na anataka shilingi laki moja "ya kusukuma faili" ni mwizi. Na hata kama kweli anaye mtu, hiyo ni hongo, na anayetoa ana hatia kama anayepokea. Nimeona ng'ombe wawili wakienda hivyo, na faili haikuwepo.

Tuseme sasa amepata. Ni afisa, ana dawati. Hapa ndipo mtoto wa kwanza hubanwa kuliko wote, kwa sababu kijiji kizima kina hisa ndani yake. Mwenyekiti anataka kikundi kipewe tenda ya kupika chakula cha mkutano. Mjomba anataka binti yake aingizwe. Kijana akikataa, anaitwa asiye na shukrani. Akikubali, anaweza kufutwa kazi na kushtakiwa, na wale waliomsukuma hawatasimama naye kortini. Sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya mwaka 2003 ilikataza upendeleo wa jamaa, na hata kutumia ofisi kukusanya michango ya harambee. Mwaka wa 2025 ikaja sheria mpya kuhusu mgongano wa maslahi, kwa hiyo jambo hili halijalegezwa.

Kama mnataka arudishe mkono, elewaneni naye mapema, na iandikwe katika kumbukumbu za kikundi: mathalani, akishaajiriwa atachangia kutoka mshahara wake kiasi fulani kwa mwezi, kwa miaka fulani, kusomesha mtoto anayefuata, na akimaliza amemaliza. Na kuna kitu kingine mnachoweza kumwomba bila kumtia hatarini. Aje kwenye mkutano wenu mara moja kwa mwaka awaeleze fomu za basari ya kaunti zinatoka lini, nafasi zinatangazwa wapi, na barua ya maombi inaandikwaje. Hayo si siri ya serikali, na mtoto wa pili atakuwa na mtu wa kumpigia simu.