Taa Fiche za Dharura: Nuru Inayosubiri Giza

Jioni moja nilikuwa orofa ya nne ya jengo fulani la biashara jijini Nairobi, nikingoja pendekezo langu la utafiti lichapishwe na kutiwa jalada, umeme ulipokatika. Ushoroba wa jengo lile hauna dirisha hata moja. Nilikuwa nimepanda kwa lifti, hivyo sikujua ngazi ziliko. Mama mmoja aliyekuwa kando yangu alinishika mkono akaniuliza, “Mwanangu, hapa watu hutokea wapi?” Sikuwa na jibu. Tulishuka kwa kupapasa, tukimulikiwa na kurunzi ya simu yake. Siku chache baadaye ndipo nilipong’amua kwamba tulikuwa tumepita chini ya kibao kilichoandikwa EXIT pasi na yeyote kati yetu kukiona. Hapakuwa na moto jioni hiyo. Lau ungekuwapo, huenda makala haya yasingeandikwa na mimi.

Tukio hilo ndilo lililonisukuma, mimi mwanafasihi, kuingilia uwanja wa mafundi. Makala haya yanadhamiria kueleza kifaa ambacho wengi wetu hatujakitambua hata tunapokaa chini yake, yaani taa fiche ya dharura. Aidha, yatagusia suala la lugha, maadamu taa humulika njia lakini ni neno au picha inayomwambia mtu kuwa hiyo ndiyo njia.

Taa ya dharura ni taa yenye chanzo chake cha nishati, aghalabu betri. Umeme wa kawaida ukiwapo, betri hujazwa chaji. Ukikatika, swichi ya ndani huhisi mara moja na kuiwasha taa bila kumngoja mtu. Aina iliyozoeleka ni kile kisanduku cheupe chenye taa mbili zilizotokeza kama macho ya kaa, kinachotundikwa juu ya ngazi. Taa fiche hufanya kazi iyo hiyo, ila kwa haya. Hujengewa ndani ya ukuta au dari, na uso wake hufunikwa kwa kibao kilicho sawasawa na ukuta, kikapakwa rangi ile ile. Mpita njia haoni ila mstari mwembamba. Umeme ukikatika, mota ndogo inayoendeshwa na betri hukizungusha kibao hicho, na taa iliyokuwa imegeukia ndani hutokeza nje ikiwaka. Umeme ukirejea, taa hujirudisha ndani, ukuta ukawa ukuta tena.

Kwa nini ifichwe? Wenye hoteli, kumbi za maonyesho na afisi za kifahari hawapendi kuona visanduku vya plastiki kwenye kuta walizozigharimia. Hapo awali nililiona jambo hili kuwa anasa tupu. Nimebadili msimamo kwa sababu moja: mwenye jengo anayechukizwa na taa huenda akaing’oa, akaifunika kwa pazia au akaipeleka pembeni isikofaa. Afadhali taa iliyofichwa na fundi kuliko iliyofichwa na mpambaji.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Tarehe 28 Novemba 1942, moto ulizuka katika kilabu cha starehe cha Cocoanut Grove mjini Boston, Marekani, ukawaangamiza watu 492. Baadhi ya milango ya kutokea ilikuwa imefungwa, mingine imefichwa nyuma ya mapambo, na wengi wakarundikana kwenye mlango wa kuzunguka walioingilia. Kilichofichwa pale kilikuwa njia yenyewe. Hapo ndipo penye mpaka ambao mbunifu wa majengo hana ruhusa ya kuuvuka: taa yaweza kufichwa kwa kuwa itajitokeza yenyewe, lakini mlango na ishara yake havifichwi.

Nuru inayotakiwa si nyingi. Kanuni za Marekani zijulikanazo kama NFPA 101 zinataka taa za dharura ziwake kwa muda usiopungua dakika 90, na mwanzoni zitoe wastani wa laksi 10.8 kwenye sakafu ya njia. Kiwango cha Ulaya, EN 1838, huridhika na laksi 1 kwenye njia. Laksi moja ni nuru ambayo mshumaa mmoja hutupa juu ya kitu kilicho umbali wa mita moja. Ni haba, ila yamtosha mtu kutambua kidato cha ngazi. Kanuni hizo za Marekani zinataka pia taa zijaribiwe kwa sekunde 30 kila mwezi na kwa dakika 90 kamili kila mwaka, na hapa taa fiche huhitaji uangalizi mkubwa kuliko ile ya wazi. Kisichoonekana husahaulika. Mpaka rangi asiyejua hupitisha brashi juu ya ufa hadi kibao kikagandamana na ukuta. Karani husukuma kabati mbele yake. Betri nayo huzeeka kimyakimya.

Msomaji huenda akauliza: je, majengo yetu hayana jenereta? Yanazo. Bomu lilipolipuka chini ya World Trade Center jijini New York tarehe 26 Februari 1993, jenereta za dharura nazo zilizimika, na maelfu ya watu wakateremka makumi ya orofa gizani huku moshi ukiwafuata. Baadaye ngazi zile ziliwekewa taa zenye betri na rangi inayong’aa gizani, mambo yaliyowafaa walioteremka tarehe 11 Septemba 2001. Nasi tulipata onyo letu usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipokatika katika sehemu kubwa ya Kenya na sehemu ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta ikabaki gizani baada ya jenereta kukataa kuwaka. Ile rangi ya ngazini ina faida nyingine. Moshi hupanda na kuzimeza taa za darini kwanza, ilhali alama iliyo karibu na sakafu huendelea kuonekana na mtu anayetambaa.

Wala taa haifungui kufuli. Katika moto wa duka la Nakumatt Downtown jijini Nairobi, tarehe 28 Januari 2009, ulioua zaidi ya watu 25, lawama nyingi zilihusu milango iliyodaiwa kufungwa.

Turudi kwa yule mama. Hata kama kibao kile kingewaka, sina hakika kingemjibu, kwani aliuliza kwa Kiswahili ilhali ukuta ulijibu kwa Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Wajapani walilitatua tatizo hili kwa picha. Baada ya mioto ya maduka makubwa huko Osaka mwaka 1972 na Kumamoto mwaka 1973, kila mmoja ukiua zaidi ya watu 100, ilitafutwa ishara isiyohitaji kusomwa, ndipo akapatikana yule mtu wa kijani anayekimbilia mlangoni. Mchoro huo unahusishwa na Yukio Ota, na ulikubaliwa kimataifa katika miaka ya 1980.

Picha inatosha kwa wengi, lakini neno nalo lina nafasi yake, nasi wanafunzi wa Kiswahili ndio tunaopaswa kulitafuta. “Toka” ni amri, tena ya kumfukuzia mtu. “Mlango wa dharura” tuliouzoea kwenye mabasi humfanya mtu adhani kuwa hauguswi ila kwa kuvunjwa. Mimi napendekeza “Njia ya kutokea”. Kauli ya kutendea hapa inaeleza bayana mahali mtu anapopitia ili atoke. Najua “kutokea” ni pia kujiri kwa jambo, lakini juu ya mlango sidhani kama yeyote atatatizika. Yule mama alikitumia kitenzi hicho kizani bila kufikiri mara mbili.

Nilirudi kuzichukua nakala zangu wiki iliyofuata, nikapanda kwa ngazi nikivihesabu vidato: 84. Kibao kilikuwa pale pale juu ya mlango, kimezimika ilhali umeme upo. Nilimwuliza mlinzi wa zamu kulikoni. Akakitazama kama anayekiona kwa mara ya kwanza, akasema, “Hiyo, ndugu yangu, sijaiona ikiwaka tangu niandikwe hapa.”