Kiti cha Pembeni ya Fundi

Pasi ikikataa kupata moto, mara nyingi ugonjwa wake ni mdogo. Waya umekatikia ndani, pale unapoingia kwenye mpini, kwa kuwa hapo ndipo unapokunjwa kila siku. Au imeungua fyuzi ya joto, kidude kinachokata umeme pasi inapozidisha moto. Feni inayonguruma bila kuzunguka, nayo, aghalabu kapasita yake imechoka. Vifaa vya namna hii hutupwa kila leo. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki, na zilizorejelezwa kwa utaratibu rasmi hazikufika robo.

Mwaka 2009, mwandishi wa habari Martine Postma aliwaalika watu wa Amsterdam walete vibovu vyao, mafundi wa kujitolea wakawatengenezea bure. Mikutano hiyo, Repair Café, sasa imeenea nchi nyingi. Kinachonivutia zaidi humo ni utaratibu wa ukaaji: huachi kitu chako ukaenda zako. Unaketi na fundi, unashika tochi, unaona mita inavyofuata njia ya umeme hadi inapokatika. Ukirudi nyumbani, unajua pasi yako iliuguaje, na hutaizungushia tena waya wake ingali moto.

Uholanzi ilihitaji mikutano hiyo kwa sababu ujira wa fundi mara nyingi hupita bei ya kifaa kipya. Kwetu fundi yupo mtaani, na huduma ya bure mlangoni pake ingemnyima riziki. Tuige basi kile kiti cha pembeni. Kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kumlipa fundi wa jirani asubuhi moja, wanachama waje na vibovu vyao, wakae, waulize. Oveni za maikrowevu zisifunguliwe hapo: kapasita zake huweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya oveni kuchomolewa.

Fundi hodari naye hushindwa mbele ya kifaa kilichogandishwa kwa gundi, kisicho na vipuri. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2024 inayowabana watengenezaji wa bidhaa kadhaa, zikiwemo friji, mashine za kufulia na simu, wakubali kuzitengeneza zikiharibika, kwa bei ya kuridhisha. Sisi tuanzie dukani. Kabla ya kulipia feni au blenda, igeuze utazame skrubu zake, kisha umuulize muuzaji kama vipuri vyake vinapatikana. Asipokuwa na jibu, jaribu duka la pili.