Tangi la Samaki Lisilomnyima Jirani Usingizi

Nyumba nyingi za Kenton zilijengwa kati ya vita viwili vya dunia, na nyingi ni pacha: ukuta mmoja, familia mbili. Ukuta huo hupitisha kikohozi, televisheni na, kwa sisi tunaofuga samaki, maji. Tangi kubwa linalomwaga maji kwenye tangi la chini, lile wauzaji wanaloliita sampu, mchana halisumbui mtu. Ikifika saa saba za usiku, utadhani kuna anayevuta maji chooni kila baada ya dakika mbili.

Jirani yetu ni mzee wa Kigujarati aliyezaliwa Kisumu, mmoja wa Wahindi wengi waliohamia Uingereza kutoka Kenya miaka ya 1960. Kiswahili chake hakijachakaa. Alimsimamisha mume wangu getini: "Kijana, maji yenu hayalali. Mama anaumwa, naye halali." Hakututishia na halmashauri, ingawa sheria ya kelele ya mwaka 1996 inawalinda watu majumbani kuanzia saa tano usiku hadi saa moja asubuhi. Aliomba tu.

Kuuza tangi kungekuwa rahisi, lakini watoto wangu wana mbuna, samaki wa mawe wa Ziwa Nyasa, ziwa la kwao baba yao. Maji magumu ya bomba ya London yanawafaa sana. Kwa hiyo tukaamua kuyanyamazisha maji, samaki wabaki.

Mimi ni muuguzi, na ninapofanya zamu za usiku nalala mchana, hivyo usingizi naujua thamani yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 1999, lilipendekeza kelele ya mfululizo chumbani usiku isizidi desibeli 30. Na sauti inayokuja na kukatika humwamsha mgonjwa kuliko mvumo wa namna moja.

Kelele inatoka wapi?

Maji yenyewe si tatizo. Tatizo ni maji yanapochanganyika na hewa. Yakiporomoka ndani ya bomba la kushukia huburuta hewa, na hewa hiyo hugugumia. Wakati mwingine bomba hujaa kabisa, likavuta maji yote kwa nguvu, kisha likameza hewa na kuacha. Maji hupanda tena, na mchezo unaanza upya. Huo ndio mlio wa choo.

Sikiliza sehemu tatu kabla ya kununua chochote: juu kwenye kisanduku maji yanapodondokea, chini bomba linapomwagia, na kwenye pampu. Kila sehemu ina dawa yake.

Dawa za bei ndogo

Kwanza, mdomo wa bomba kule chini uzamishwe sentimita 2 au 3 tu. Ukiwa juu ya maji, yanarusha mapovu. Ukizama sana, hewa inakosa pa kutokea na bomba linatapika. Pili, weka pampu juu ya kipande cha sponji, na uunge bomba lake kwa mpira laini ili mtikisiko usipande kwenye kabati hadi ukutani. Tatu, tenganisha kabati na ukuta wa jirani, hata kwa upana wa kiganja.

Bomba moja

Kama una bomba moja la kushushia, tumia mtindo wa Durso, uliopewa jina la mfugaji wa Marekani, Richard Durso. Juu ya bomba unaweka tii. Upande wake unaunga kona inayotazama chini ndani ya maji, na juu kifuniko chenye tundu dogo la hewa. Maji hupanda ndani ya kisanduku, kwa hiyo hayaanguki kutoka mbali. Anza na tundu la milimita 3 hivi. Mlio wa choo ukiendelea, lipanue kidogo kidogo. Ukisikia mlio wa kunyonya hewa, limepita kiasi.

Mabomba mawili

Kama kisanduku kina matundu mawili, kuna njia tulivu zaidi, inayojulikana kama Herbie. Bomba la kwanza mdomo wake unabaki chini ya maji, na lina vali. Unaifunga polepole mpaka bomba lijae maji matupu bila hewa: hapo linanyamaza. Bomba la pili ni la dharura. Mdomo wake uko juu kidogo ya maji, na halifungwi vali kamwe. Siku konokono au jani likiziba la kwanza, hilo ndilo litakalookoa zulia lako. Maji ya kurudi juu yatapitishwa nyuma ya tangi.

Sisi tulitumia njia hii. Vali ilichukua jioni mbili kuizoea, kwa sababu kila ukiigusa lazima usubiri maji yatulie. Mzee sasa anasema husikia friji yake tu.

Kabla ya kulala

Chomoa plagi kila unapoingiza mkono ndani ya maji, na uache waya wa pampu uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.

Kisha fanya majaribio mawili mchana, ndoo ikiwa karibu. Zima pampu: tangi la sentimita 120 kwa 50 likishuka sentimita 3, lita 18 zinarudi chini. Sampu izipokee bila kufurika. Washa tena, halafu funga vali kabisa: bomba la dharura libebe maji yote peke yake. Likishindwa, punguza kasi ya pampu kabla hujaenda kitandani. Ukimya unaofurika sebuleni saa tisa usiku utawaamsha nyumba zote mbili.